Pumzi Isiyokatika ya Evan Parker

Ukisikiliza santuri ya Monoceros ya mwaka 1978 bila kuambiwa kitu, utaapa kwamba wapulizaji ni wawili au watatu. Ni mmoja tu: Evan Parker, Mwingereza aliyezaliwa Bristol mwaka 1944, na saksafoni moja ya soprano. Sauti ilichongwa moja kwa moja kwenye sahani, bila kupitia utepe wa kurekodia, kwa hiyo hakuna kilichokatwa wala kuungwa.

Mbinu zake ni mbili. Kwanza ni pumzi. Wapiga zumari wa pwani yetu wanaijua kazi hii: hewa huwekwa akiba mashavuni, mashavu yakaisukuma nje, na papo hapo pua ikavuta nyingine. Ukitaka kujifunza, anza na glasi ya maji na mrija mwembamba. Puliza mapovu, vimbisha mashavu, yakamue huku ukivuta kwa pua. Mapovu yakikatika, umesubiri mno. Vuta wakati mapafu bado yana hewa. Kwenye saksafoni kosa hubadilika: noti inalegea mashavu yanapopokea kazi, kwani nguvu yao ni ndogo kuliko ya mapafu. Kaza pembe za midomo, na vuta kidogo kidogo, mara nyingi.

Pili ni vidole. Ukifungua tundu la juu huku ya chini yameziba, bomba hutoa noti mbili au zaidi kwa mpigo. Parker huongeza mkono wa kushoto unaorudia mzunguko wake na wa kulia wake, kwa kasi ambayo sikio huzitenga noti za juu na za chini kuwa mikondo miwili. Hapo ndipo "watu wawili" wanapozaliwa.

Haya hayakuja kwa siku moja. Aliacha masomo ya botania Birmingham, akapiga kwenye Machine Gun, santuri ya mpiga saksafoni Mjerumani Peter Brötzmann, mwaka 1968, na mwaka 1970, pamoja na mpiga gitaa Derek Bailey na mpiga ngoma Tony Oxley, akaanzisha Incus, lebo ya kutoa santuri. Kupiga peke yake jukwaani kulifuata mwaka 1975. Kwenye saksafoni ya tenori, iliyo kubwa na nzito kuliko soprano, ni mtu mwingine kabisa, mwenye sentensi fupi zilizovunjika, na upande huo hausifiwi vya kutosha.

Mgeni aanze na santuri yake The Snake Decides, iliyorekodiwa kanisani Oxford. Usihangaike na noti za juu. Shika ile ya chini kabisa, uifuate inapozama na kuibuka.