Baba Mdogo na Mwiba wa Nyuki

Nyuki wa usiku hawaruki ovyo kama wa mchana, ila wakiona mwanga wanaufuata. Baba mdogo alilijua hilo kuliko mimi. Lakini kienge, mwenge wake wa kufukizia nyuki, kilimzimikia akiwa juu ya mninga akirina asali, huko misitu ya Sikonge, akawasha tochi ya kichwani. Nikasikia tusi, kisha akateremka kwa kuteleza.

"Shika ndoo," akaniambia. Asali kwanza! Mkono mmoja ameuziba kwenye jicho la kulia.

Nyumbani kila mtu akawa mganga. Bibi akataka maziwa ya jirani aliyekuwa ananyonyesha, mwingine akataja maji ya sukari. Mama mdogo akawafukuza wote, akamsafisha kwa maji safi tu. Alfajiri muuguzi wa zahanati alimulika, akasema mwiba bado umo na yeye hatauchokoa. Namshukuru mpaka leo. Mwiba wa mkononi unaukwangua haraka kwa ukucha, mchezo umekwisha. Wa jichoni ukichokolewa ovyo unazama au unakatika.

Tabora mjini, daktari wa macho alimdondoshea dawa ya ganzi, kisha rangi ya machungwa ambayo chini ya taa ya bluu iling'aa kijani pale palipochubuka. Baba mdogo akaweka kidevu kwenye mashine, mimi nikamshika kisogo asirudi nyuma. Weusi wa jicho ulikuwa umeingia ukungu. Koleo dogo likaingia, likatoka na kitu chembamba cha kahawia, kifupi kuliko kope.

"Una vimeno kama ndoana," daktari akasema, "ndiyo maana hautoki wenyewe. Na kifuko chake huendelea kusukuma sumu hata nyuki akishakwenda zake."

Tukapewa matone ya kuzuia maambukizi, ya kutuliza uvimbe, na atropini. Hiyo atropini ndiyo iliyomuudhi: mboni ilipanuka, jua likawa adui, akawa anatembea amejitanda kanga ya mkewe kichwani huku watoto wakimcheka. Ukungu ulipungua taratibu, tukirudi kliniki kila tulipoitwa.

Kesi ikabaki kwa jirani mwenye macho mekundu, aliyekuja kuazima yale matone ya uvimbe. Daktari alishatuonya: yana steroidi, na jicho lenye ugonjwa mwingine yanaweza kuliharibu kabisa. Mama mdogo akakataa katakata. Jirani akanuna, akasema tumekuwa wachoyo tangu tuanze kuuza asali mjini.