Kibali cha kwenda mzimuni

Juzi pale Deep Sea, Tanga, watu wanashusha changu na tasi, nikawahadithia ile hifadhi ya bahari ya Hawaii, Papahānaumokuākea, kama kilomita za mraba milioni 1.5 hivi, Obama alipoipanua 2016 uvuvi wa biashara ukapigwa marufuku kote, ila wenyeji wa asili wanaweza kuomba kibali waende kufanya mila zao. Mzee mmoja anasuka dema, ule mtego wa samaki, fito moja kaibana kwa meno, akaitoa akaniuliza, "Sasa mwanangu, kibali cha kwenda kwenye mzimu wa babu yako unamwomba nani?" Dah. Sisi hapa Tanga hifadhi yetu ya silikanti, yule samaki wa kale, ipo tangu 2009, na wapiga baruti sina huruma nao hata kidogo, lakini mwenye dema lake na ubani wake mi naona aachwe apite.