Nilivyompata naturopathi hapa Washington na bima ikalipa

Mi naishi Kent, kusini kidogo ya Seattle, jimbo la Washington, na kipandauso kimenitesa tangu nijifungue mtoto wa pili. Dawa za daktari wa kawaida zinanituliza kikishaanza, sijaziacha na sina mpango wa kuziacha, ila nilikuwa nataka mtu wa kukaa naye tuongee vizuri kwa nini kinaanza, maana daktari wangu ana dakika zake chache hapo kashaita mgonjwa mwingine.

Niliposema nataka naturopathi, yaani daktari wa tiba asilia, Wabongo wenzangu wakacheka, wengi wanadhani ni yule dada wa kwenye grupu la WhatsApp anayeuza poda za kusafisha mwili. Hapana jamani. Washington wanawapa leseni hawa watu tangu 1919, wanasoma chuo miaka minne baada ya digrii, wanafanya mtihani wa bodi, na wanaandika dawa nyingi tu za famasi. Chuo chao kimoja kikubwa, Bastyr, kiko hapahapa kwetu. Sasa tatizo sio leseni kuwepo, ni kujua nani anayo, kwa hiyo kila jina nililopewa nililiingiza kwenye websaiti ya Idara ya Afya ya jimbo, inakuonyesha leseni iko hai au la na kama mtu alishawahi kuadhibiwa. Kuna mmoja alisifiwa sana kanisani, hakuwemo kabisa. Nikampita.

Haya, hela. Hapa ndio kwenye kazi.

Watu watakwambia Washington bima zote zinalipa naturopathi. Ni kweli nusu. Sheria ya jimbo inazilazimisha kampuni za bima zisibague aina ya mtoa huduma mwenye leseni, hata Apple Health, ile bima ya serikali ya jimbo kwa wenye kipato kidogo, inawakubali. Lakini kampuni kubwa nyingi za kazi hazinunui bima, zinawalipia wafanyakazi matibabu kwa hela zao zenyewe halafu zinakodi kampuni ya bima ishughulikie makaratasi tu. Kadi yako ina nembo ileile kama ya jirani yako, ila yako iko chini ya sheria ya shirikisho na ile sheria ya Washington haiigusi, mwajiri akiamua hataki naturopathi basi hakuna. Mi nilikuwa kwenye bima ya mume wangu ambaye yuko kwenye maghala ya kampuni moja kubwa, nikapiga simu namba ya nyuma ya kadi, wakanijibu hiyo huduma haimo. Mume akasema bas tulipe mfukoni. Nikauliza bei, kliniki wakanitumia makadirio kwa maandishi (tangu 2022 usiyetumia bima una haki ya kupewa, omba tu) na ile siku ya kwanza peke yake ilikuwa dola 320. Nikamwambia baba, tulia kwanza.

Nikamfuata mama wa HR kazini kwangu, ni nyumba ya kulelea wazee sio kubwa sana, nikamuuliza bima yetu imenunuliwa au ni self-funded, yaani mwajiri analipa kwa hela zake, hilo ndilo neno lenyewe ukaulize hivyohivyo. Akasema imenunuliwa. Nikasubiri ule msimu wa mwisho wa mwaka wa kubadilisha bima, nikajitoa kwa mume nikaingia yangu, makato kwenye mshahara yaliongezeka kidogo lakini nilishapiga hesabu.

Kabla sijashika miadi nikapiga tena bima nikiwa na jina la daktari mkononi. Yuko kwenye netiweki yenu, yaani ana mkataba na nyie? Mnamhesabu kama daktari wa msingi au bingwa, maana hela ya kuchangia kila ukienda inatofautiana? Ni lazima kwanza nimalize kile kiwango cha mwaka cha kujilipia mwenyewe? Nikaandika jina la aliyenijibu na namba ya kumbukumbu ya yale mazungumzo, na ilinisaidia, maana bili ya kwanza ilikuja kama vile sina bima, nikawasomea ile namba wakarekebisha. Nikalipa dola 30.

Daktari mwenyewe alinikalisha zaidi ya saa nzima. Kanihoji usingizi, hedhi, chai (mimi na chai ya rangi hatuachani, hapo tulibishana), dawa zote ninazomeza. Akapendekeza magneziamu na kulala na kuamka saa zilezile hata wikendi. Magneziamu zilikuwepo pale kwenye shelfu ya kliniki, nikapiga picha chupa nikaenda kununua Costco. Alitaka pia kipimo cha damu cha IgG cha kujua vyakula vinavyonidhuru, bima hailipi na vyama vya madaktari wa aleji Marekani na Kanada vimeshasema hakithibitishi kitu, nikakataa kwa heshima na wala hakununa. Vipimo vya kawaida, damu na tairoidi, nilimuomba avipeleke maabara iliyo kwenye netiweki yangu.

Ada ya kumuona unaweza kuilipa kwa HSA, ile akaunti ya kuweka hela za matibabu zisizokatwa kodi, bila shida. Virutubisho ni ugomvi mwingine, IRS, watu wa kodi, hawavikubali mpaka mtaalamu wa afya akuandikie kwa ugonjwa maalum uliothibitishwa na daktari, kwa hiyo omba barua mapema.

Kipandauso bado kinakuja ila sio kila wiki kama zamani. Ni magneziamu au ni kupunguza chai, siwezi kuapa.

Shemeji yangu wa Houston kasikia naye anataka, kashampata mtu anajiita daktari wa naturopathi anataka dola 900 za paketi ya miezi mitatu. Nikamwambia shem, Texas hawatoi hiyo leseni kabisa, huyo ukimuuliza namba yake atakupa nini? Hiyo hela nenda nayo kwa daktari wa neva. Kanijibu ngoja amuulize kwanza, mpaka leo kimya.