Protini ikikatwakatwa, jua kwanza inakatwa wapi

Jeli ya kutenganisha protini kwa ukubwa ikitoa bendi hafifu pale ulipotarajia protini unayoitengeneza ndani ya bakteria E. coli, na vipande vitatu vinne chini yake, usikimbilie kufuta jeni za vimeng'enya vinavyokata protini. Chota mililita 1 ya bakteria kila saa baada ya kutia IPTG (kemikali inayowasha utengenezaji wa protini), zungusha kwenye sentrifuji, mwaga maji, chemsha papo hapo ndani ya SDS (sabuni inayofumua protini), nyuzi 95 kwa dakika 5. Protini ikiwa nzima hapo, vipande vikazuka baada ya seli kupasuliwa, mshukiwa ni OmpT. Kimeng'enya hiki kimekaa utando wa nje, hukata kati ya asidi amino mbili zenye chaji chanya, na hata yurea haikizimi. BL21, aina mojawapo ya E. coli, haina OmpT wala Lon, kimeng'enya kingine cha kukata protini, kwa hiyo anayetumia aina ya K-12 ahamie huko kabla ya lolote.

Ikiwa inakatwa ndani ya seli hai za BL21 hiyo hiyo, shusha joto hadi nyuzi 18 usiku kucha, IPTG milimola 0.1. Isipofaa, ndipo ufute jeni ya kimeng'enya kinachokata: ClpP kwa protini ya ndani ya seli, DegP kwa inayopelekwa periplazimu (nafasi iliyo kati ya tando mbili za bakteria).

Njia ya kufuta jeni ya watafiti Datsenko na Wanner ya mwaka 2000 ni nzuri, ila kwetu Unguja joto ndilo linaloiharibu. Plazmidi (DNA ndogo ya duara) ya pKD46, inayowezesha DNA mpya kuchukua nafasi ya jeni, hutaka nyuzi 30. Kwa 37 inapotea. Kaskazi ikivuma, mwezi wa pili, chumba chenyewe hupita 30 mchana, na inkubeta isiyo na kipoza haishuki chini ya joto la chumba. Bila mashine yenye kipoza, kuza usiku, na pima kwa kipimajoto kilichozamishwa ndani ya chupa ya maji, usiamini namba ya mlangoni.

Tia arabinosi milimola 10 (sukari inayoiwasha pKD46), subiri OD 0.5 (kipimo cha wingi wa bakteria kwa mwanga), osha seli mara tatu kwa gliserini asilimia 10 iliyolala kwenye barafu. Chumvi ikibaki, kyuveti (kikombe ambamo seli hupigwa umeme ili DNA iingie) hupiga cheche kwa mlio mkali. Ukiusikia, seli hizo zimekwisha, anza na nyingine.

Kaseti ya kanamisini (kipande cha DNA kinachokinga dhidi ya dawa hiyo, kilichowekwa mahali pa jeni iliyofutwa) ing'oe kwa plazmidi ya pCP20 kabla ya kuingiza pET-28, plazmidi yenye jeni ya protini yako, maana zote mbili zinatumia dawa hiyo hiyo. Tahadhari kwa waliofuta DegP: pCP20 huondolewa kwa nyuzi 42, na bakteria hao hufa kwa joto hilo. Wakuze kwa 37, uwapande tena na tena, ukijaribu kila koloni kwenye ampisilini mpaka upate isiyoota, yaani iliyopoteza pCP20.