Siku moja maishani mwangu: karani wa mizani, Tandahimba, 29 Oktoba 2015

Mwaka 2015 nilikuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho, katika kijiji kimoja wilayani Tandahimba, mkoani Mtwara. Jumapili ya tarehe 25 Oktoba tulipiga kura. Kuanzia Jumatatu redio zikawa zinasoma matokeo ya urais, jimbo baada ya jimbo, na hapo ghalani msimu wa korosho ukawa umeshachanganya. Siku ninayotaka kuisimulia ni Alhamisi ya tarehe 29. Imenijia upya baada ya kukuta stakabadhi moja imekunjwa ndani ya daftari langu la zamani. Nitaifikia.

Saa 10 alfajiri

Siku kwetu huanzia kwenye foleni ya ndoo. Anayeijua nyanda ya Makonde anaijua shida yake: ardhi ni ya kichanga, mvua ikinyesha inamezwa, na maji ya bomba yanasukumwa kutoka mbali kule Mitema. Mota ikisimama, tunalala na kiu. Kwa hiyo kina mama na mabinti tunaamka usiku, tunapanga ndoo, tunakaa juu ya mawe kusubiri.

Alfajiri ile hakuna aliyesinzia. Siku moja kabla, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar alikuwa ametangaza kuufuta uchaguzi wa kule. Mama mmoja pale foleni ana binti aliyeolewa Unguja. Alikuwa na simu mkononi, kila dakika anaiwasha anaiangalia, anaizima ili chaji isiishe. "Hapokei," alisema. "Tangu jana magharibi hapokei." Tulimpisha atangulie kuchota ili arudi nyumbani mapema. Hakuna aliyemuuliza chama chake.

Nilipoinamia ndoo nikaona wino wa kura bado umeng'ang'ania kwenye kidole changu kidogo, umejibana kando ya ukucha. Wa mama yangu ulikuwa umeshafutika. Mama amebangua korosho miaka mingi. Anazikaanga kwenye bati, anazipasua kwa jiwe moja moja, na yale mafuta ya ganda yamemla ngozi ya vidole hadi imekuwa laini kama ya mtoto. Walipokuja kuandikisha wapiga kura kwa mashine za BVR, zile zinazosoma alama za vidole, mwaka huohuo, mashine iligoma kumsoma. Kijana aliyekuwa anaandikisha akamfuta vidole kwa kitambaa, akavibonyeza tena, akavibonyeza tena. "Mwanangu," mama akamwambia, "hivi vidole korosho imeshavila." Watu nyuma wakaanza kunung'unika. Mama hakutoka kwenye ule mstari mpaka kadi ikachapwa ikiwa na picha yake. Nasema hili kwa sababu kuna watu mjini wanadhani mtu wa kijijini anapiga kura kwa kufuata mkumbo.

Saa 1 asubuhi

Chai na ming'oko ya kuchemsha. Mjomba akapita kama kawaida yake kabla ya kwenda shamba. Kwetu mjomba ndiye mwenye kauli, na huyu ni mtu wa CCM tangu chama hakijaitwa CCM. Mama alikuwa UKAWA, ule muungano wa vyama vya upinzani kama CHADEMA na CUF, wala hakuficha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mama yako ameamkaje?"

Mama alikuwa hatua tatu kutoka pale, anapepeta. Tangu Jumapili walikuwa wanaulizana hali kupitia kwangu.

Ugomvi wao ulikuwa wa barabara. Mjomba alimpenda Magufuli kwa sababu ya kazi yake ya Wizara ya Ujenzi. Alikuwa anakumbusha safari za zamani za kwenda Dar es Salaam, watu wanalala Rufiji kusubiri kivuko, mpaka lilipofunguliwa Daraja la Mkapa mwaka 2003, Magufuli akiwa waziri. "Huyu mtu anazijua barabara kwa kilomita," alikuwa akisema. Mama alikuwa na jibu moja tu, na mpaka leo naona ni jibu zito: Mtwara hadi Masasi kwa kupitia Newala ni kilomita 210, na hapo mbele ya nyumba yetu lori likipita vumbi jekundu linaingia kwenye sufuria. Kama anazijua, hii ameijua lini? Halafu angeongeza gesi. Mwaka 2013 watu wa Mtwara walisema gesi haitoki, kukawa na vifo na nyumba kuchomwa, na Oktoba hiyohiyo ya uchaguzi bomba la kwenda Dar es Salaam likazinduliwa.

Siku hiyo hawakubishana. Mjomba alikunywa chai yake akaondoka.

Saa 2 hadi saa 7 mchana

Hii ndiyo sehemu ya siku ninayoijua kuliko zote, mniwie radhi nikiizungumza kwa kirefu.

Mkulima anafika na korosho ghafi kwa baiskeli, kwa pikipiki, au kichwani. Kwanza zinamwagwa kwenye turubai. Mpima wetu anachota gao, anazitikisa karibu na sikio. Iliyokauka inagonga ndani, ile mbichi iko kimya. Kimya kikizidi, mkulima anarudishwa akaanike tena. Kisha zinaingia guniani, gunia linaning'inizwa kwenye mizani, na hapo ndipo utamjua mkulima wa korosho. Hasikilizi anachotaja mpima. Anasogea, anainamisha shingo, anautazama mshale mwenyewe mpaka uache kutikisika. Mpima anataja, mimi naandika kwenye karatasi ya mizani, kisha najaza stakabadhi, naitoa nakala. Mkulima anaisoma hapohapo. Asiyejua kusoma anamwita mtoto wake.

Wana sababu. Mzigo ukishatoka hapa unakwenda kwenye ghala kuu, unauzwa kwa mnada, na pesa inakuja baadaye. Katikati hapo mkulima hana anachokishika ila ile karatasi. Akibanwa sana na shida, mgonjwa au ada, anaangukia kwa watu wa kangomba, wanaonunua vichochoroni kwa bakuli badala ya mizani, bei ya kutupa. Bakuli halina mshale. Bibi zetu wameibiwa sana kwa bakuli.

Foleni yote ilikuwa inaongea uchaguzi. Jimbo letu la Tandahimba ubunge ulikuwa umekwenda CUF, na Mtwara Mjini vilevile, kwa hiyo vijana wengi waliamini na juu itakuwa hivyo hivyo. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa anatembea na daftari la shule ambalo ameandika matokeo ya vituo vyote vya kata yetu, aliyanakili mwenyewe kutoka kwenye fomu zilizobandikwa ukutani usiku wa Jumapili. Alinionyesha. Mwandiko mzuri, mistari imepigwa kwa rula. "Dada karani," aliniambia, "hizi nimeziona kwa macho yangu." Nililiheshimu sana lile daftari na kazi yake.

Kuna mzee mmoja alikuja na magunia mawili. Mzee mpole, mjane, anaishi peke yake mwisho wa kijiji. Alitazama mshale, akapokea karatasi yake, akaiingiza kwenye mfuko wa shati bila kuisoma kwa sababu redio ilikuwa imeanza kusoma majimbo mengine na kila mtu akaigeukia. Na mimi nilikuwa nimeigeukia.

Saa 8

Ugali wa muhogo na kisamvu kwa mama lishe. Shangazi alipiga simu kutoka Masasi. Kule Masasi Mjini walipiga kura ya rais lakini ya mbunge iliahirishwa, kwa sababu mgombea mmoja, Dk. Emmanuel Makaidi wa NLD, alifariki siku kumi kabla ya uchaguzi. Alitaka kujua kama tumesikia lolote. Hatukuwa tumesikia.

Alasiri

Sikuangalia saa. Ninachokumbuka ni kwamba gunia lilikuwa bado linaning'inia mpima aliponyoosha mkono kuongeza sauti ya redio, na mwenye gunia hakulalamika.

Jaji Damian Lubuva, Mwenyekiti wa Tume ya Taifa ya Uchaguzi, alisoma wagombea wote wanane. Nikageuza daftari langu, nikaandika kwenye ukurasa wa mwisho. Ni mazoea ya kazi; namba ikitajwa mkono unaandika. Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo, mwanamke pekee kati yao, kura 98,763. Edward Lowassa wa CHADEMA, aliyesimama kwa niaba ya UKAWA, kura 6,072,848, asilimia 39.97. John Magufuli wa CCM, kura 8,882,935, asilimia 58.46. Nikatoa: tofauti 2,810,087.

Watu wawili watatu walipiga kelele za furaha. Mzee mmoja akavua kofia yake ya kijani akaibusu. Huko nje pikipiki zikaanza kupiga honi, na muda si mrefu ngoma ikasikika upande wa ofisi ya CCM. Kwenye uraka, pombe yetu ya mabibo, kila mwenye furaha alikuwa na rafiki. Mama lishe alikuja mbio na mwiko mkononi kuuliza kama ni kweli sasa Makamu wa Rais atakuwa mwanamke. Tukamwambia ndiyo, Samia Suluhu Hassan. Akasimama pale mlangoni anatabasamu peke yake.

Yule kijana wa bodaboda alikaa juu ya gunia. Hakulia. Alilifungua daftari lake, akapitisha kidole kwenye namba za vituo vyake, mstari kwa mstari, kama mtu anayekagua. Za kwake zilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba zilikuwa za kata moja, na nchi ilikuwa na waliojiandikisha zaidi ya milioni 23.

"Dada karani, mtu akiona haikwenda sawa anakwenda mahakama gani?"

Lowassa alikuwa ameshasema hayakubali matokeo. Nilijua jibu kwa sababu nilisoma uraia sekondari, na nilitamani nisingelijua. Kwa ubunge, mahakamani unakwenda. Kwa urais, Katiba yetu, Ibara ya 41(7), inasema Tume ikishatangaza hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza. Nikamwambia hivyo. Akaniangalia, kisha akaiangalia mizani, kisha akaondoka.

Sitasema kura yangu ilikwenda wapi, na sisemi kuwa zile hesabu zilikuwa na kasoro. Ninachosema nimekishika tangu siku ile. Mimi nalipwa kusikiliza pingamizi. Mkulima akisema "pima tena," tunashusha gunia, tunapima tena, hata kama foleni imefika barabarani, na akikuta ni ileile anaondoka na moyo mweupe. Walioshinda siku ile wangepungukiwa nini kama jirani zao wangeruhusiwa kusema "pima tena"? Nilimuuliza mjomba swali hili baadaye sana. Alinyamaza kwa muda, na mjomba si mtu wa kunyamaza.

Saa 12 jioni

Tulifunga mlango wa ghala tukaanza kufunga hesabu. Karatasi za mizani upande huu, nakala za stakabadhi upande ule. Jumla zikakataa kulingana: kilo 6.

Mpima alikuwa amechoka na alitaka kwenda kwenye ngoma. Alisema tuitafute kesho. Nikakataa. Tukawasha taa ya chemli, tukaanza moja moja, yeye anasoma, mimi natiki. Tulifika karibu na mwisho ndipo tukaiona: karatasi ya mizani inasema 77, stakabadhi inasema 71. Mwandiko ni wangu. Jina ni la yule mzee wa mwisho wa kijiji. Nilikuwa nasikiliza redio.

Kilo 6 zingeingia mnadani bila mwenyewe. Kwake ni sabuni, chumvi na mafuta ya taa.

Saa 2 usiku

Niliandika stakabadhi mpya, mpima akasaini, nikachukua tochi. Njiani nilipishana na vijana wanaimba wametundika bendera kwenye pikipiki, na nyumba nyingine zimefunga milango mapema kuliko kawaida. Nilipopita kwetu niliona moto wa mama uani na kivuli cha mjomba kimekaa kwenye kigoda upande wa pili. Hawakuwa wanaongea. Nikapita.

Mzee alikuwa barazani, redio chini ya kiti, imezimwa.

"Hodi. Shikamoo babu."

"Marahaba. Kuna nini usiku huu, mwanangu?"

Nikamweleza. Nikamwambia kosa ni langu. Akatoa ile karatasi ya mchana kwenye mfuko wa shati, akaomba tochi, akazilaza zote mbili juu ya goti. Akasoma ya kwanza. Akasoma ya pili. Akarudia ya kwanza.

"Mshale mimi niliuona," alisema. "Ulikuwa sabini na saba. Nikasema moyoni, labda macho yangu."

"Macho yako yako sawa, babu."

Akaweka dole gumba kwenye nakala yangu, karibu na kile kidole chenye wino. Ya zamani akanirudishia, ile ninayoishika sasa, ina 71 iliyokatwa kwa mstari mmoja na alama ya udongo pembeni. Kisha akaingia ndani kuniletea kigoda, akasema nikae kwanza ninywe maji.