Plau za Parihaka

Nimefika Parihaka, kijiji cha Wamaori kilicho chini ya mlima Taranaki nchini Nyuzilandi, na tangu hapo habari ya watu wale haijaniondoka moyoni. Mwaka 1879, serikali ya kikoloni ilipotuma wapimaji kwenye ardhi iliyokuwa imetangaza kuitwaa, viongozi Te Whiti o Rongomai na Tohu Kākahi hawakuwapa watu wao bunduki. Waliwatuma wakalime kwa plau mashamba ambayo walowezi walikwisha kuyakalia, na kundi moja lilipokamatwa, jingine lilishika plau. Mamia walifungwa, wengi bila kuhukumiwa, wakapelekwa mbali katika Kisiwa cha Kusini. Tarehe 5 Novemba 1881 askari wapatao 1,600 walikivamia kijiji, wakalakiwa na watoto walioimba na kucheza, na mikate iliyookwa kwa ajili yao. Hapo nilishindwa kuyazuia machozi, kwa maana ukarimu ule haukuzuia nyumba kubomolewa, mazao kuharibiwa, wala viongozi wale kushikiliwa bila kesi hadi 1883. Serikali iliwaomba radhi wazao wao mwaka 2017, jambo ambalo, ingawa nalithamini, naona lilichelewa mno.