Siku ya 23: tanga limeshuka na kivuli hakipo

Leo saa nane mchana, bati likiwa linaunguza, nimechapa shiti ya saba ya jahazi, ile picha yangu ya lentikula inayobadilika ukiinamisha, na imetoka safi. Ukiinamisha huku, tanga limejaa upepo. Ukiinamisha kule, tanga limekunjwa, mlingoti uko mtupu na anga ya buluu nyuma yake haina doa hata moja. Nimeigeuza mpaka mkono umechoka. Nina furaha kupita kiasi.

Sijaandika chochote tangu shiti ya kwanza kwa sababu sikuwa na cha kuandika zaidi ya hasira. Kwa kifupi: printa ya UV ya A3 (wino wake hukaushwa kwa mwanga wa urujuanimno), ileile ninayochapia kava za simu, dpi 720, yaani nukta 720 kwa inchi. Lentikula, yaani shiti ya plastiki yenye mistari ya lenzi nyembamba, ni ya lpi 60 (lenzi 60 kwa inchi), lenzi zikitazama meza, picha imegeuzwa kama kwenye kioo, wino mweupe unakuja mwisho. Mengine mnayajua.

Tatizo lilikuwa hili. Ncha ya mlingoti ilikuwa inabadilika mapema, ubavu wa jahazi unachelewa, na hapo katikati, mahali penyewe pa tanga, picha zote mbili zinaonekana kwa pamoja. Tanga jeupe linaning'inia kwenye anga kama shuka lililosahaulika kwenye kamba. Hicho ndicho ninachokiita kivuli. Nyeupe juu ya buluu ndiyo mbaya kuliko zote. Picha yenye rangi za kufanana ingeficha kosa lilelile.

Kwanza nililaumu hedi, kichwa kinachorusha wino. Nikazima uchapaji wa kwenda na kurudi, ikawa inachapa upande mmoja tu. Kingo zikawa kali zaidi, kwa hiyo msiirudishe hata kama inakula muda mara mbili, lakini kivuli kikabaki. Nikadhani shiti imekaa upande. Hapana: shiti ikikaa upande, mistari ya kivuli hutokea mshazari, na yangu ilikuwa imenyooka sambamba na lenzi. Nikageuza faili lote ili lenzi zifuate mwendo wa meza, na hesabu ya pichi (nafasi kutoka lenzi hadi lenzi) ibebwe na mwendo wa hedi, ambao una utepe wake wa kuusoma na ni sahihi kuliko mkanda unaovuta meza. Hilo lilisaidia kweli. Ila kivuli kilibaki palepale. Shiti nne zimeishia kwenye pipa, na hizi shiti si bei ya karatasi.

Jumanne nilifika saa moja asubuhi kabla ya wateja. Faili lilelile, pakiti ileile ya shiti, sikugusa kitu. Ikatoka safi. Nilipiga kelele peke yangu dukani. Saa saba mchana nikachapa nyingine, na lile shuka likarudi angani.

Nilikaa na zile shiti mbili mezani muda mrefu. Kilichonifungua macho ni kidole: nilipokwenda kuchukua shiti mpya kwenye rafu iliyoegemea ukuta, ilikuwa na joto kama sahani iliyotoka kuoshwa kwa maji moto. Nikaipima kwa kile kipimajoto cha kuelekeza. Nyuzi 37. Kesho yake asubuhi, nyuzi 27.

PETG, plastiki ya shiti hizi, hutanuka takriban milimita 0.07 kwa kila mita, kwa kila nyuzi moja. Picha yangu ina sentimita 20 kwa upande unaokatiza lenzi. Nyuzi 10 zinaleta milimita 0.14. Lenzi moja ya lpi 60 ina upana wa milimita 0.42. Yaani kutoka chini ya picha hadi juu nilikuwa nimeteleza theluthi nzima ya lenzi, wakati kila picha kati ya mbili ina nusu ya lenzi tu ya kukaa! Kwa pikseli ni 4 kati ya 5,669. Pikseli nne zimenila wiki tatu.

Jaribio langu la pichi, yaani kuchapa mistari yenye vipimo vinavyotofautiana kidogo ili kuona upi unalingana na lenzi, nililifanya usiku, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, nikapata lenzi 60.08 kwa inchi na nikaliamini kama msahafu. Mchana mlango uko wazi kwa ajili ya wateja na kiyoyozi nakizima. Nimelirudia jaribio mchana: mstari uliojaa rangi kutoka mwanzo hadi mwisho ni 60.04. Tofauti ni ileile hesabu inayotoa. Na lisomeni kwa jicho moja, kwa umbali ambao mtazamaji atasimama. Mimi nasoma nusu mita, kwa sababu hii ni picha ya kushika mkononi.

Sasa shiti inalala juu ya meza ya printa dakika 40 kabla ya kazi, na mistari ya pichi naichapa kwenye ukingo wa shiti hiyohiyo, saa hiyohiyo, ndipo natengeneza faili.

Kuhusu faili: programu iliyokuja na printa ina tabia ya kulainisha picha bila kuomba ruhusa. Zimeni kila kitu, ukubwa asilimia 100, TIFF, kamwe si JPEG. Kuchanganya mistari ya picha zote mbili kwa zamu nafanya kwa skripti yangu ya Python, na sioni sababu ya kulipia programu ya gharama kwa picha mbili. Ila lenzi ya fundi saa nunueni. Bila hiyo nisingejua kwamba nukta zenyewe zilikuwa safi muda wote na kosa liko kwenye vipimo.

Baada ya jahazi nilipanga kivuko cha Kigamboni, picha 12, yenye kina kamili cha mbele na nyuma. Nimeiahirisha. Jana jioni nilikuwa naangalia kanga ya mama imeanikwa uani, nikaona: pindo libaki vilevile kwenye picha zote mbili, mji ubadilike, na jina lionekane ukiinamisha upande mmoja tu. Pindo likiwa la pamoja, eneo la kuzaa kivuli linapungua karibu nusu. Nimeshaipiga picha na pindo nimeshalikata. Shiti iko mezani tangu saa kumi kasoro robo, kipimajoto kinasoma 34, na mistari ya pichi ndiyo inaanza kuchapwa.